Gyotaku: jinsi ya kuchapa samaki halisi kwenye karatasi, hatua kwa hatua

Ukiona chapa ya samaki imetoka doa jeusi lisilo na gamba hata moja, usilaumu karatasi. Mara nyingi samaki alikuwa bado na ute, au maji yalikuwa yanamchuruzika mdomoni, au aliyepaka wino alipaka mara tatu ya uliohitajika. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuosha, kukausha na kupunguza wino. Kuchapa kwenyewe ni kazi ya dakika chache.

Gyotaku ilizaliwa Japani karne ya 19, mikononi mwa wavuvi wa mshipi waliotaka ushahidi wa samaki wao kabla kamera hazijaenea. Chapa ya zamani zaidi inayojulikana ni ya mwaka 1839. Ni ya funa, samaki wa maji baridi wa jamii ya kapu, aliyevuliwa kwenye mfereji wa Kinshibori mjini Edo, ambao leo ni Tokyo. Chapa hiyo imehifadhiwa mbali na hapo, katika mji wa Tsuruoka mkoani Yamagata, kwa sababu huko ndiko ilikokuwa himaya ya Shonai chini ya ukoo wa Sakai. Watawala wa Shonai waliwahimiza samurai wao kwenda kuvua ufukweni, wakiona ni zoezi la mwili na subira, na samaki mkubwa alikuwa sifa ya kweli. Sasa sifa bila ushahidi ni maneno ya barazani tu, na wavuvi tunawajua: samaki aliyekata mshipi huzidi kurefuka kila hadithi inaporudiwa. Kwa hiyo wakampaka wino samaki mwenyewe.

Mpaka leo, chapa ya kivuvi huandikwa pembeni aina ya samaki, urefu, uzito, tarehe, mahali, jina la mvuvi na mara nyingi jina la shahidi. Kumbukumbu hizo zimekuja kuwa na faida ambayo samurai hawakuiwaza. Mwaka 2020 watafiti wa Kijapani walitoa utafiti uliotumia chapa zilizotundikwa kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, wakionyesha kwamba zinaweza kusaidia kujua samaki gani walikuwepo wapi na lini, wakiwemo ambao siku hizi ni adimu.

Njia mbili

Ya kwanza ni ya moja kwa moja: wino unapakwa juu ya samaki, karatasi inalazwa juu yake, unakandamiza, unabandua. Ndiyo njia ya asili ya wavuvi. Inatoa chapa yenye nguvu, nyeusi, yenye makovu na magamba yaliyong'oka, kila kitu.

Ya pili si ya moja kwa moja: karatasi iliyoloweshwa inagandishwa kwenye mwili wa samaki, halafu rangi inagongwagongwa juu ya karatasi kwa kibunda cha pamba kilichofungwa hariri, kiitwacho tampo. Samaki haguswi na rangi kabisa. Inachukua saa kadhaa na inatoa picha laini yenye rangi nyingi. Anza na ya kwanza. Mtu ambaye hajajua gamba linavyopokea wino atahangaika bure na tampo.

Vifaa

Karatasi ndiyo kifaa cha kuumizia kichwa. Wajapani wanatumia washi, hasa ile ya kozo, inayotengenezwa kwa nyuzi za ganda la ndani la mforosadi wa karatasi. Nyuzi hizo ni ndefu, ndiyo maana washi nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha mkono inaweza kulowana, kuvutwa na kufuata mviringo wa tumbo la samaki bila kuchanika. (Mti huo ni wa familia moja na mtuba ambao Waganda wanautolea lubugo, na kote kuwili kinachotafutwa ni hilo hilo ganda la ndani.) Karatasi ya printa, ya A4, haifai: ni ngumu, haijikunji, itachapa mgongo na kuacha mapezi. Kama washi haipatikani, tafuta karatasi nyembamba ya kaligrafia ya Kichina, au ile karatasi laini ya kufungia zawadi isiyo na rangi wala mng'ao. Kitambaa pia kinafaa sana. Bafta au marekani nyembamba, ukishaifua kwanza kutoa wanga wa kiwandani na kuipiga pasi, inapokea wino vizuri na haichaniki kwa anayejifunza.

Wino wa jadi ni sumi, uliotengenezwa kwa masizi na gundi ya wanyama. Unauzwa kama kijiti cha kusaga kwa maji kwenye jiwe, au wa chupa. Wa chupa ni rahisi, ila mara nyingi ni mwepesi mno. Umimine kidogo kwenye sahani pana uache maji yapungue hadi uwe na uzito wa mtindi. Kwa mazoezi, rangi za maji za shule zinatosha, mradi usizizimue. Wino wa mashine za uchapaji na rangi za mafuta zinatoa chapa safi pia, lakini samaki huyo ndiyo basi, haliwi tena.

Vingine ni hivi: brashi mbili bapa za nywele laini, moja ya upana wa vidole viwili na moja ndogo, brashi nyembamba ya kuchorea jicho, chumvi ya mawe, siki, tishu nyingi kuliko unavyodhani, magazeti ya zamani, pini, udongo wa kufinyangia, na kipande cha lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Shabu, ile wanayotumia vinyozi, ukiwa nayo itasaidia kuondoa ute.

Kumchagua samaki

Tafuta samaki bapa ubavuni, mwenye magamba makubwa na mapezi yasiyochanika. Japani kipenzi cha wachapaji ni tai, samaki mwekundu wa baharini anayeliwa kwenye sherehe. Kwenye masoko yetu, anayekaribiana naye kwa umbo ni changu. Sato wa ziwani au wa bwawani naye ni mwalimu mzuri: bei yake inavumilika, magamba yake yako wazi na mwili wake ni bapa. Kolekole ana umbo la kupendeza lakini magamba yake ni madogo, chapa yake itategemea zaidi mkia na mstari wa ubavuni. Kambale mwache kwanza, hana magamba na ute wake hauishi. Tasi anachapika vizuri, ila miiba yake ina sumu hata akiwa amekufa, na kazi hii inakutaka ukandamize kila pezi kwa kidole. Kwa huyo, vaa glavu nene au tafuta mwingine.

Ukienda sokoni mwambie muuzaji mapema kwamba hutaki akuparie magamba wala kumpasua. Mkono wake umezoea, ukigeuka tu kutafuta chenji utakuta kazi imeshafanyika. Angalia magamba kama yamekaa safu zake, mkia kama ni mzima, tumbo kama halijalegea. Aliyepasuka tumbo atavuja maji na damu kwenye karatasi yako mpaka mwisho. Samaki wa friza anafaa, lakini myeyushe taratibu ndani ya friji, na ujue atakuwa anatoa maji muda mrefu zaidi.

Kuosha na kukausha

Hapa usiwe na haraka. Msugue samaki kwa chumvi, kwa upole, kuanzia kichwani kwenda mkiani ili usinyanyue magamba. Utaona chumvi inageuka kamasi ya kijivu. Suuza, rudia. Kisha pitisha siki kidogo, au maji yaliyoyeyushwa shabu, usuuze tena. Ute unajificha sehemu tatu: chini ya pezi la ubavuni, kwenye ukingo wa kifuniko cha matamvua, na kwenye mashina ya mapezi ya mgongoni. Pitisha kidole: kikiteleza, bado. Ngozi safi inakwaruza kidogo.

Sasa mzibe. Sokota tishu uingize mdomoni, jaza nyingine chini ya vifuniko vya matamvua pande zote mbili, na kipande kidogo kwenye tundu la haja. Matundu ya pua nayo hutoa maji, yabonyeze na uyafute. Halafu mkaushe kwa kumgusagusa na tishu, bila kusugua, umwache mbele ya feni dakika kumi hivi. Rudi, mguse tena. Kama tishu inatoka na unyevu, badilisha zile za mdomoni na kwenye matamvua. Samaki yuko tayari pale tishu kavu ikilazwa ubavuni inaondoka kavu.

Kumlaza

Kabla ya kumlaza, amua anaangalia upande gani. Kwa njia ya moja kwa moja, chapa inatoka kinyume, kama kwenye kioo. Wajapani wamezoea kumwona samaki kichwa kikiwa kushoto, hata kwenye sahani anapakuliwa hivyo. Ukitaka chapa yako iangalie kushoto, basi ubavu wa kulia ndio upakwe wino, yaani samaki alale mezani kichwa kikiwa kulia.

Mchonge kitanda chake kwenye lile povu jeupe: chora umbo lake, chimba kiasi kwamba nusu ya unene wake inazama. Faida yake ni kwamba mapezi na mkia vinapata pa kulalia, vikiwa usawa mmoja na ubavu. Samaki akilazwa juu ya meza kavu, mapezi yananing'inia na karatasi haiyafikii. Usipokuwa na povu, jengea mapezi kwa udongo wa kufinyangia kutoka chini.

Tandaza mapezi moja moja. Vuta mwiba wa mbele, shikilia, chomeka pini nyuma yake kwenye povu, kisha panua utando taratibu. Acha dakika ishirini au thelathini, ukimpepea kwa feni, na utando utakauka ukiwa umepanuka. Hapo unaweza kutoa pini zote, na lazima uzitoe, kwa sababu pini moja iliyosahaulika itatoboa karatasi kwenye sehemu nzuri kuliko zote. Pezi la ubavuni ni uamuzi wako. Likilala ubavuni linachapa vizuri, ila magamba ya chini yake hayataonekana.

Funika eneo lote linalomzunguka kwa vipande vya gazeti, ukivipenyeza kidogo chini ya mapezi.

Wino

Chovya ncha ya brashi, ifute pembeni ya sahani, halafu ijaribu kwenye gazeti. Ikitoa mstari uliojaa na kung'aa, futa tena. Paka kwanza kutoka kichwani kwenda mkiani, tabaka jembamba linalofunika mwili wote isipokuwa jicho. Kisha geuza mkono, upitishe brashi iliyokaribia kukauka kutoka mkiani kwenda kichwani. Mpapaso huu wa pili ndio unaoshika kingo za magamba, na kingo ndizo zinazochora samaki kwenye karatasi. Kwenye mapezi tumia brashi ndogo, ukifuata miiba kwa urefu wake.

Angalia samaki kwa pembeni, dhidi ya mwanga. Kama unaona vidimbwi katikati ya magamba, wino umezidi, uguse kwa tishu. Kichwani ndiko wino hupenda kujaa, hasa kwenye mikunjo ya taya, kwa hiyo pakaushe kuliko sehemu nyingine. Futa jicho kabisa. Kisha toa yale magazeti yaliyochafuka na uweke safi. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa chapa imezungukwa na alama za brashi.

Fanya haya yote bila kuacha pengo la maongezi. Wino ukikauka juu ya samaki, unyunyizie karatasi maji kidogo sana kabla ya kuilaza. Kama hauna uhakika, msuuze samaki uanze upya. Wala si hasara.

Karatasi juu ya samaki

Washi ina upande laini na upande wa kukwaruza. Upande laini unatazama samaki. Ishike kwa pembe mbili, shusha katikati yake kwanza iguse ubavu, halafu achia pande zote mbili zishuke zenyewe. Ikishagusa, haisogezwi tena. Hata sentimita moja itatoa samaki mwenye vivuli viwili.

Weka kiganja kimoja katikati ya mwili kama nanga. Kwa vidole vya mkono mwingine anza kukandamiza kuelekea kichwani, kisha tumboni, mgongoni, na mwisho mkiani. Usipapase, bonyeza na unyanyue. Kwenye karatasi nyembamba utaona wino unachungulia upande wa juu, na hiyo ndiyo ramani yako: palipo peupe hapajaguswa. Mapezi yabonyeze kwa ncha ya kidole, mwiba kwa mwiba. Ukifika kwenye mviringo wa tumbo, acha karatasi ifuate mwili mpaka kingo, lakini usiizungushe hadi chini. Karatasi ikizidi kumkumbatia samaki, ikifunguliwa anaonekana mnene kuliko alivyokuwa. Kwa sababu hiyo vipimo vya kuandika pembeni vichukuliwe kwa rula na mizani, visipimwe kwenye chapa.

Bandua kuanzia mkiani, kwa mwendo mmoja usiosita. Ining'inize au ilaze mahali pasipo na upepo.

Halafu, kabla hujamuosha samaki, chukua karatasi ya pili uchape tena bila kuongeza wino. Wino uliobaki ni mdogo na umekaa kwenye kingo peke yake, kwa hiyo chapa hii ya pili mara nyingi inaishinda ya kwanza.

Jicho, muhuri, maandishi

Jicho la samaki halichapiki vizuri, linatoka duara tupu. Huchorwa kwa mkono baada ya wino kukauka, na ndiyo sehemu pekee ya kazi hii ambapo unachora. Mtazame samaki wako mwenyewe: mboni ya changu si ya sato, na mara nyingi si duara kamili, ina kona upande wa mbele. Chora mzingo mwembamba, jaza mboni, acha nukta ndogo nyeupe ya mwanga karibu na ukingo wa juu. Nukta ikiachwa katikati, samaki anaonekana ameduwaa. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya pembeni. Mapezi yaliyokatika usiyakamilishe kwa brashi. Kwa mvuvi wa Japani chapa ni ushahidi, na ushahidi hauchorewi.

Muhuri mwekundu wa jina, hanko, hugongwa mwishoni. Kama huna, sahihi yako ndogo kwa rangi nyekundu inatosha. Usiiweke mbele ya mdomo wa samaki. Nafasi ile ni bora ibaki wazi.

Ukitaka kujaribu tampo

Maandalizi ni yale yale, ila samaki akauke zaidi, na barafu iliyofungwa kwenye mfuko iwekwe chini ya kitanda chake, maana atakaa mezani muda mrefu. Laza karatasi juu yake ikiwa kavu, inyunyizie maji, uikandamize kwa pamba yenye unyevu mpaka igande mwilini. Hapa hakuna kinyume: kichwa kikiwa kushoto mezani, kinabaki kushoto kwenye picha. Subiri unyevu upungue. Karatasi ikiwa maji, rangi inasambaa. Ikiwa kavu kabisa, inabanduka.

Gusisha tampo kwenye rangi, igongegonge kwenye sahani tupu mpaka iache alama hafifu, ndipo uipeleke kwenye karatasi. Anza na rangi nyepesi, za tumboni, upande kwenda kwenye nzito za mgongoni. Kila mguso uwe hafifu kiasi cha kukutia shaka. Magamba yatajitokeza polepole, safu kwa safu, kwa kuwa tampo inagusa yaliyoinuka tu.

Samaki naye

Sumi ni masizi na gundi, na Wajapani wengi humchapa samaki kisha wakamla. Lakini soma chupa: wino wa siku hizi unaweza kuwa na dawa za kuzuia kuoza na vitu vingine visivyo vya kula, na ukiwa na shaka, usile. Uliyemchapa kwa wino wa kuaminika mwoshe mara moja, umpare magamba, umtoe ngozi, matamvua na matumbo. Saa mbili nje ya barafu ndiyo mwisho, na katika joto la Mombasa au Dar es Salaam mchana, fanya saa moja. Jodari na vibua wanahitaji tahadhari zaidi: wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na inaweza kukuletea wekundu, kuumwa kichwa na kutapika. Hao ukiwachapa, wazike kwenye shimo la mbolea.

Kunyoosha na kutunza

Chapa iliyokauka inakuwa na mikunjo. Wajapani huibandika kwenye karatasi nyingine kwa gundi nyepesi ya wanga wa ngano. Ngoja siku kadhaa wino ushike, kisha ujaribu pembeni kwa tone la maji. Rangi za shule zitachuja, na hizo nyoosha kwa pasi ya moto mdogo tu, kwa upande wa nyuma. Kama wino hautoki, laza chapa kifudifudi juu ya meza safi, inyunyizie maji, isukume hewa kutoka katikati kwenda nje kwa brashi pana mpaka ilale. Paka gundi kwenye karatasi ya nyuma, ishushe juu yake, ipigepige kwa brashi, uinyanyue na kuibandika ubaoni kwa kingo zake hadi ikauke. Inapokauka inajivuta, na mikunjo inaondoka.

Pwani, unyevu huleta ukungu na mende wanapenda gundi ya wanga, kwa hiyo fremu ifungwe vizuri nyuma, isiegemee ukuta wenye maji, na pawe na ukanda wa karatasi nene pembeni ili kioo kisiguse chapa. Sumi nyeusi inavumilia mwanga miaka mingi. Chapa za rangi ziweke mbali na dirisha.